Mguu wa Mkwezi wa Kibuta

Vidole gumba vyangu havifungi tena. Asubuhi nikitaka kufungua kopo la dawa namwita mjukuu, naye hufungua huku akinitania: bibi, si ulikuwa ukishika miguu ya watu ikashikika? Nilikuwa nashika, mwanangu. Ndiyo maana sasa sishiki kitu. Basi ninyi mnaosomea kazi hii, mlionijia na kalamu zenu mkitaka niwaandikie uzoefu, nivumilieni. Nitaandika kidogo, nitapumzika, nitaandika tena, na mambo hayatakuja kwa foleni.

Mmoja wenu, yule binti mwenye miwani, aliniuliza upasuaji gani ulifanikiwa kuliko wote. Swali hilo limenichosha tangu nikiwa kazini. Mgonjwa akitoka wodini kwa miguu yake, wanauliza, umefanikiwa? Akirudi baada ya mwaka, wanauliza tena. Nikuulize wewe, binti: umefanikiwa kwa nani? Nitakupa mfano mmoja, halafu nitakwenda kulala.

Nilikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji katika hospitali moja ya huku Kibaha, kandokando ya barabara ya Morogoro, miaka ile ambayo kila mtu alikuwa ndugu: ndugu daktari, ndugu dereva, ndugu mpishi. Kwetu ni Tabora. Nililetwa pwani na mume wangu aliyekuwa karani, Mungu amrehemu. Wenyeji niliowakuta wengi wao walikuwa Wazaramo, na Mnyamwezi akifika kwa Mzaramo amefika kwa mtani wake. Mababu zetu walishuka huku na mizigo ya watu kichwani, wakapokewa, wakagombana, wakazikana, na utani ukabaki. Mtani anaweza kuingia jikoni kwako akafunua chungu. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na ukacheka. Vijana wa siku hizi mnadhani huo ni mzaha tu. Ngojeni kidogo.

Aliyenifundisha kushika mguu hakuwa daktari wala sista. Alikuwa Mzee Salehe, bwana wa plasta, mfupi, mkali, mwenye kofia ya kiua iliyojaa vumbi jeupe mpaka maua hayaonekani. Siku ya kwanza aliniangalia nikishika mguu uliofungwa plasta mbichi, akanipiga kofi mkononi. Mguu haushikwi kwa vidole, alisema, unashikwa kwa kiganja. Kidole kikibonyeza plasta mbichi kinaacha shimo, shimo linakauka, na ndani yake ngozi ya mtu inaoza taratibu wakati wewe uko nyumbani unakula. Mpaka leo nikimbeba mtoto mchanga nambeba kwa viganja, na akina mama wananishangaa.

Jambo la pili alilonifundisha ni kusema nimechoka. Sisi wauguzi wa zamani tuliona haya kulisema neno hilo, kama vile tumetukana. Mzee Salehe hakuwa na haya hiyo. Mkono uliochoka hudanganya, alisema. Wewe unadhani umeushika mguu pale pale, kumbe umeshashuka. Ukichoka sema, tupumzike, tuanze upya. Alinirudishia maneno hayo mpaka nikayachukia, na sasa ndiyo ninayowarudishia ninyi.

Plasta yenyewe haikuja kwenye pakiti nzuri kama mnazofungua leo. Ilikuja unga ndani ya madebe, sisi tukaikata shashi vipande virefu, tukaipaka unga ule kwa mkono, tukaikunja. Masika yakiingia unga ulivuta unyevu, na plasta iliyovuta unyevu haigandi, inabaki uji. Dawa yake ni kuukaanga. Ndiyo, kukaanga, kwenye kikaango, moto wa wastani, unakoroga taratibu kama karanga mpaka unga uache kutoa mvuke. Tuliazima kikaango cha jikoni. Siku moja mpishi alikichukua bila kuuliza akakaangia dagaa, na wodi nzima ya wanaume ikalalamika kwamba dagaa wana mchanga. Mzee Salehe akawaambia wasiwe na wasiwasi, mifupa ya tumbo ikivunjika wameshajifunga wenyewe.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, maana bila hiyo hamtanielewa.

Kifundo cha mguu, upande wa nje, kimeshikwa na kano: kamba fupi, nyeupe, ngumu, zinazofunga mfupa na mfupa. Wagonjwa wetu waliita mishipa, na hatukubishana nao. Mtu akitegua, mguu ukageukia ndani, kano hizo huvutika, nyingine hukatika. Mara nyingi hupona kwa kufungwa na kupumzishwa, na wakandaji wetu wa vijijini wamewaponya wengi, msiwadharau. Lakini yuko yule anayetegua, anapona, anategua tena, mwisho kifundo kinakuwa kama mlango ulioachia bawaba. Anakanyaga kokoto, mguu unamwacha.

Huyo ndiye aliyepasuliwa na Daktari Kimaro. Alikuwa bingwa wa mifupa, Mchaga mrefu mwenye sauti ndogo, aliyesomea huko kwenye baridi na kurudi akiwa na kikohozi ambacho joto la pwani halikukiondoa. Alikuja kwetu kila Alhamisi. Nyuma ya nundu ya nje ya kifundo hupita kano nyingine, ndefu, ya msuli unaoshuka toka chini ya goti. Daktari aliichana kwa urefu, kama unavyochana ukindu wa kusukia mkeka. Nusu aliiacha iendelee na kazi yake. Nusu aliikata kwa juu, chini akaiacha imeshika palepale ilipoumbwa. Akatoboa mfupa wa kifundo kwa keekee ya mkono, akaipitisha ile nusu kwenye tundu, akaivuta mpaka kwenye mfupa wa kisigino, akaishona hapo. Mtu anafungwa kwa kamba yake mwenyewe.

Wakati anashona, lazima mtu awe ameushika mguu. Ukishikwa umegeukia nje, kano inashonwa fupi, kifundo kinakaza daima. Ukiachwa ukaanguka ndani, kano inashonwa ndefu, na kazi yote ni bure. Mtu huyo wa kushika nilikuwa mimi. Jina langu halikuandikwa popote, na sikulalamika, lakini kiasi gani mguu ukaze kilikuwa mikononi mwangu.

Mwanzoni tulikaza. Vitabu vya Daktari vilisema hivyo, na wagonjwa walitembea vizuri. Mpaka alipokuja mwalimu mmoja wa chuo cha Kurani kutoka upande wa Mlandizi, mguu wa kushoto. Tulimpasua, akapona, akatembea uwanjani huku tunamshangilia. Mwezi haukuisha akarudi. Akamwamkua Daktari kwa adabu, akakaa, akasema mguu ni mzuri, haumuachi tena, anashukuru. Tatizo ni kwenye tahiyatu. Ninyi mnaosali mnakijua kikao kile: mguu wa kushoto unaulaza kwa ubavu, unaukalia. Wake haukulala. Ulisimama kama kigingi. Akasema kwa upole kwamba tumempa mguu wa kusimama, lakini swala ina kukaa pia.

Daktari alikuwa Mkristo, hakuwa na sababu ya kukijua kikao kile. Mzee Salehe na mimi tulikuwa Waislamu, nasi akili zetu zote zilikuwa kwenye kutembea. Mwalimu yeye alicheka tu, akasema Mwenyezi Mungu anakubali hata swala ya kwenye kiti, ila wanafunzi wake wanamwita Mzee Kigoda. Daktari hakucheka. Tangu siku hiyo kila mgonjwa wa kifundo aliyeingia, kabla hajaguswa, aliambiwa neno moja: nionyeshe kazi unayoifanya na mguu huu. Madereva walikanyaga klachi ya hewani. Mama mmoja mfinyanzi alichuchumaa katikati ya chumba akazunguka na chungu kisichokuwapo. Lilikuwa jambo la kuchekesha, na lilikuwa jambo la busara kuliko yote niliyoyaona pale.

Ndivyo tulivyomkuta Kondo.

Alitoka Kibuta, ndani huko Kisarawe, mwanamume wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mabega mapana. Aliletwa na mama yake, Bi Tatu. Walikuja kwa baiskeli mpaka Kisarawe mjini, kwa lori la mkaa mpaka Dar, kisha basi likawashusha kituo cha Kwa Mathias, na toka hapo Bi Tatu alimwegemeza mwanawe begani ingawa alimfikia kifuani tu. Nilipomsikia Bi Tatu anavyoongea nilimuuliza kama kwao Wazaramo wamekwisha kula mihogo yote ndiyo wanakuja kula ya hospitali. Alinitazama juu mpaka chini. Akaniuliza Mnyamwezi gani amemwachia kazi hii, maana mababu zangu walijua kubeba meno ya tembo, si miguu ya watu. Wodi ikacheka, na kuanzia hapo nilikuwa mtani wao.

Daktari akamwambia Kondo aonyeshe kazi yake. Kondo akamwomba mama yake kanga. Akaipota ikawa kamba, akaifunga duara, akaivaa kwenye nyayo mbili, akaikumbatia nguzo ya baraza. Alikuwa mkwezi. Minazi ya watu wa Kibuta na minazi ya kijiji yote aliikwea yeye, na alilipwa nazi, kama ilivyo desturi. Akapanda. Nyayo zake ziligeuka zikatazamana, kama viganja vya mtu anayeomba dua, zikaibana nguzo, akajisukuma juu. Mara ya pili mguu mbovu ukamwacha, akateleza mpaka chini na kanga ikachanika.

Manesi walicheka kwa ile kanga. Mimi nilimwona Bi Tatu. Alikuwa kwenye benchi, na tangu mwanawe alipoikumbatia nguzo, yeye alikuwa amegeuka na kutazama ukuta. Nilidhani anaionea uchungu nguo yake.

Daktari alichuchumaa akaushika ule mguu muda mrefu. Akaeleza polepole. Nikikaza kama nilivyofundishwa, alisema, kifundo hakitakuacha tena maisha yako, utalima, utatembea mpaka Dar, lakini unyayo hautageuka ndani, na hutakwea. Nikilegeza, utakwea, lakini sina uhakika kama kitakushika kila siku. Na wewe siku kisipokushika utakuwa juu. Kondo akasema alegezewe. Daktari akamwambia asiharakishe, afikiri mpaka Alhamisi.

Kesho yake Bi Tatu alinifuata bombani, nyuma ya wodi, nilipokuwa nafua glavu. Tulizifua glavu, ndiyo, na zilizotoboka tulizitia kiraka. Akasimama kando yangu, akaanza kuzigeuza na yeye bila kuombwa. Kisha akanieleza. Mumewe, baba yake Kondo, alikuwa mkwezi. Alianguka kutoka mnazi wa jirani, asubuhi, watu wakiwa shambani, na aliyemwokota ni yeye. Toka hapo hajawahi kumwambia mwanawe neno kuhusu kukwea. Hawezi. Mama akimtajia mwanawe kuanguka, anamchuria, anamwitia balaa. Neno la mama ni zito, likishatoka linakwenda kukaa mahali.

"Wewe ni mtani," aliniambia. "Neno lako halimdhuru mtu. Na mguu utakuwa mkononi mwako, nimeuliza. Siku ya kushona, kaza. Kidogo tu. Mimi sitaki kumzika. Nataka anizike yeye."

Nikamwambia mguu ni wa Kondo. Akasema anajua ni wa nani, aliuzaa. Kisha akasema haombi, mtani haombi, mtani anachukua, na yeye anachukua hilo kwangu.

Wanangu, watu hufikiri uchovu wa kazi yetu ni wa kusimama. Kusimama kunaisha ukikaa. Siku ile nilichoka na sijui kama nimepumzika mpaka leo. Kumnyima mtani kitu alichokichukua ni aibu. Kumkaza mtu mguu kwa siri ni dhuluma. Na yule mama alikuwa na haki, hilo ndilo lililoniumiza. Ningekuwa mimi, nisingeomba kidogo tu, ningeomba mguu wa chuma.

Nilimweleza Daktari. Alikuwa anakula ndizi mbivu, akaiweka chini. Nilitegemea aniambie la kufanya, maana mishahara yetu haikufanana. Akasema wa kuambiwa ni Kondo, na mtu wa kumwambia bila kumchuria tulikuwa naye mmoja tu, mimi. Kisha akaendelea na ndizi yake, lakini aliitafuna bila hamu.

Basi nilikwenda kitandani kwa Kondo nikafanya utani. Mbele ya wagonjwa wote nilimwambia kwamba ataanguka kama nazi koroma lililotobolewa na panya, tutamwokota kwa ungo, na Wazaramo watapata sababu ya kupiga ngoma siku saba. Nikaigiza anavyoanguka. Wodi ikacheka mpaka mgonjwa wa nyonga akaomba tumwonee huruma. Kondo alicheka pia. Halafu akaacha kucheka, akanitazama, nikajua ameelewa maneno yametoka kwa nani.

"Baba hakuanguka kwa mguu," alisema. "Alikuwa na miguu miwili mizima. Mwambie mama, mtani, lakini mwambie vizuri. Nikikaa chini nitakuwa hai, sawa. Ila sijui nitakuwa nani."

Nilimwambia mama yake. Nilimwambia vizuri kadiri nilivyoweza. Alikunja kanga yake iliyochanika, akaiweka kwenye kikapu.

Alhamisi ikafika, na Kondo bado alitaka alegezewe. Dawa ya usingizi ilikuwa imeadimika, kama sabuni na kila kitu miaka ile, kwa hiyo Kondo alichomwa sindano ya mgongo. Chini ya kiuno alikufa ganzi, juu alikuwa macho, tumelitundika shuka ili asione. Tulimlaza ubavu, mguu mbovu juu. Daktari akachana kano, akatoboa mfupa kwa keekee, ile sauti yake kama ya seremala inayowakimbiza wanafunzi wengi mlango wa kwanza, akaivuta kano, akanipa mguu.

Hapo nataka mwelewe mikono yangu ilivyokuwa. Mtu akilala hivyo, mguu kwa uzito wake unataka kuanguka ndani. Mkono ukichoka, mguu unalegea kupita tulivyokubaliana, na Kondo angetoka na kifundo kibovu kilekile. Ukiogopa, unauinua, na kila unapouinua unakwenda upande wa Bi Tatu. Mahali alipopataka Kondo palikuwa katikati, padogo, na hapakuwa na alama. Nilikuwa na kumbukumbu ya unyayo kwenye nguzo ya baraza, basi.

Daktari alikuwa ameinama na sindano, haoni ila tundu na uzi. Akauliza, hapo? Nilijua kwamba nikiuinua upana wa kidole tu, hakuna atakayejua. Daktari hatajua, Kondo hatajua, na mwanamke aliyekaa nje kwenye benchi atazikwa na mwanawe kama alivyotaka.

Kutoka upande wa pili wa shuka Kondo akasema, sauti yake nzito kwa dawa, "Mtani, siusikii mguu wangu. Umenishikia vipi?"

Nikamwambia, "Kama kwenye nguzo."

Na baada ya kulisema hilo ilinibidi liwe kweli. Niliushusha mpaka nilipouona mnazi. Nikamwambia Daktari, hapo. Akaanza kushona. Mikono ikaanza kushuka, nikasema nimechoka. Daktari akasimama, sindano ikining'inia, Mzee Salehe akaingiza viganja vyake chini ya vyangu tukapumzika, kisha nikautafutia tena mahali pake, nikasema hapo, akamaliza. Niliposema nimechoka nilikuwa na machozi, na Mzee Salehe aliyaona, akajifanya kushughulika na ndoo.

Alikaa kwenye plasta wiki sita. Ilipotoka, nilimpa mazoezi, maana hospitali haikuwa na mtu wa mazoezi, mimi ndiye niliyekuwa kila kitu kilichobaki. Vifaa havikuwapo. Tulichukua nusu ya kifuu kikubwa cha nazi, tukakijaza plasta kisipasuke, tukapigilia ubao juu yake. Mgonjwa anasimama kwa mguu mmoja juu ya ubao unaoyumba, huku anapiga mswaki au anahesabu magari barabarani, mpaka kifundo kijifunze kujirudisha chenyewe. Mnaona sasa vipo vya plastiki, vya rangi, vinatoka nje. Chetu kilikuwa cha Kibuta, nazi aliileta Kondo mwenyewe. Kilifanya kazi mpaka nikastaafu.

Bi Tatu hakuniaga siku ya kuondoka. Alirudi baada ya masika mawili, ameleta mihogo na nazi, akanikuta bombani palepale. Aliniambia Kondo anakwea. Nikamuuliza mguu unasemaje. Akasema yeye hajui, hajawahi kuutazama.

Akanieleza anavyofanya. Kondo akienda kukwea, yeye humfuata. Hasemi kitu, anachukua kikapu kama mtu wa kuokota nazi. Kondo akishika shina, yeye anaupa mnazi mgongo. Anasikiliza. Nazi zikianguka, anajua mwanawe yuko juu na mikono yake inafanya kazi. Nazi zikinyamaza, hapo ndipo anaposhika moyo, maana ni ama anahama toka kole moja la nazi kwenda jingine, ama anashuka, ama. Neno la tatu hakulitaja. Kondo akikanyaga chini anamwambia, mama, geuka.

"Nilichukua kwako kitu, ukaninyima," aliniambia. Hakuwa na hasira. "Basi nitachukua kingine. Siku nikifa, usije Kibuta kula wali tu. Siku hiyo utasimama pale ninaposimama mimi."

Nikacheka, nikamwambia Wazaramo hawafi, wanazidi kukauka tu kama nazi mbata. Akacheka pia. Tulibaki watani miaka mingi. Mzee Salehe akafariki, Daktari akahamishwa, mume wangu akafariki, na Bi Tatu alikuja Kibaha msibani kwangu akaingia amevaa koti la marehemu na kudai karani huyu alimwahidi kumuoa. Nilicheka katikati ya kilio. Huo ndio utani, vijana. Unakuja pale ambapo watu wengine hawawezi kuingia.

Halafu zikaja habari kutoka Kibuta kwamba amelala na hakuamka.

Nilikwenda. Magoti yangu yalikuwa yameshaanza kunigomea, na kutoka barabarani mpaka kwake ni mwendo. Nilifanya kazi ya mtani: nilijilaza kwenye kitanda chake, nikakataa kutoka mpaka wanipe kuku, nikawaambia Bi Tatu hajafa, anakwepa kupika. Watu wakacheka, wakalia. Kondo alimzika mama yake kama alivyotaka azikwe. Aliingia kaburini kwa miguu yake miwili, akampokea.

Baada ya mazishi nazi za wali zikapungua. Msiba ulikuwa mkubwa. Kondo akavua kanzu, akachukua kamba yake, akaenda kwenye mnazi mrefu nyuma ya nyumba. Wanawake waliokuwa wanakuna nazi waliacha kukuna, mmoja akanitazama, kisha wote. Walikuwa wanajua. Bi Tatu alikuwa ameshawaambia.

Nilikwenda nikasimama. Niwaambie ukweli: nilikuwa na hamu. Miguu mingapi nimeishika, nami sijawahi kuona hata mmoja ukifanya ile kazi uliyoshonewa. Nilijiambia nitatazama, mimi si mama yake, mimi ni mtu wa kazi. Nitauona unyayo unavyogeuka, nitaona kama mahali pale padogo nilipatafuta sawasawa. Kondo akavaa kamba miguuni. Akakumbatia shina. Unyayo wa kwanza ukageuka, wa pili ukageuka ukamfuata, nikaliona kovu langu jembamba nyuma ya kifundo.

Nikageuka. Sikuamua, mwili wenyewe uligeuka. Nikawa natazama ukuta wa udongo wa jiko lake Bi Tatu.

Nazi ya kwanza ikaanguka, ya pili, nyingine mbili kwa pamoja. Nikapumua. Zikaendelea kidogo. Kisha zikanyamaza. Wanawake hawakukuna, mbuzi za nazi zilikuwa kimya. Nikaitazama mikono yangu, nikaona imejikunja mbele ya tumbo, viganja juu, kama nimeshika mguu wa mtu. Ilikuwa imechoka na sikuthubutu kuishusha. Sikumbuki kuomba dua ndefu kuliko ile, wala fupi.

Nyuma yangu kitu kikagusa mchanga, taratibu.

"Mtani," alisema Kondo, "geuka."

Nikageuka. Sikumtazama usoni. Nilitazama mguu kwanza.